Maharagwe yaliyobaki kwenye maji

Kwetu Lubumbashi, nyumbani kwa Nkambo pale Kamalondo, kila Jumamosi asubuhi tulikula mayai ya kahawia. Mayai ya kawaida kabisa, ila Nkambo aliyabandika tangu Ijumaa jioni, anatandika maganda ya vitunguu chini ya sufuria, mayai, halafu maganda tena juu, machicha ya kahawa kama yapo, mafuta kidogo, maji, anafunika na kuyaacha juu ya makaa yaliyoanza kufifia yalale hapo usiku kucha. Asubuhi ukimenya unakuta ute umegeuka rangi ya chai kavu na harufu imeingia mpaka kwenye kiini. Maganda ya vitunguu alipewa bure na akina mama wa sokoni, walishamzoea, walimuwekea kwenye kamfuko. Mimi nilidhani Lubumbashi nzima inakula hivyo Jumamosi, mpaka siku moja nikiwa darasa la pili nikamuelezea mwenzangu shuleni akanitazama kama nimesema tunakula mawe.

(Nkambo kwetu ni bibi, kwa wasiojua. Wabongo wangu mnaniulizaga sana hayo maneno.)

Naandika haya kwa sababu tarehe 23 Julai imepita tena, na mwaka huu nina fomu mezani ambayo nimeshindwa kuimaliza, ntafika huko.

Yale mayai hayakuwa ya Nkambo. Yalitoka kisiwa kinaitwa Rhodes, kiko Bahari ya Mediterania karibu kabisa na pwani ya Uturuki. Nkambo mwenyewe hajawahi kuiona bahari maishani mwake, maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni Ziwa Mweru. Rhodes aliijua kwa kuisoma kwenye Biblia, Matendo ya Mitume sura ya 21, pale Paulo na wenzake wanapotweka tanga wakapita Kosi, kesho yake wakafika Rodo. Kwa hiyo yeye maisha yake yote aliita Rodo, na mume wake alimuita mtu wa Rodo. Nikisema mume wake, nasema alivyosema yeye. Hawakufunga ndoa popote.

Babu yangu, baba wa mama, alikuwa Myahudi wa Rhodes. Tulimuita Nono, ndo babu kwa lugha yao, na watoto wa mtaa walicheka sana kwa sababu alikuwa mwembamba kama mti wa ufagio, sasa huo unono uko wapi. Sisi wajukuu alituita ijiko, maana yake katoto, na kwa muda mrefu mimi nilisikia kijiko, nikakubali tu kwamba babu anatuita vijiko kwa mapenzi. Lugha yenyewe ni Kiladino, Kihispania cha zamani kilichochanganyika na Kiebrania na Kituruki, kwa sababu Wayahudi wale walifukuzwa Hispania mwaka 1492 na baadaye wengi wao wakapata hifadhi kwenye nchi za dola ya Waturuki, ambayo iliichukua Rhodes mwaka 1522. Miaka mia nne na zaidi wakaendelea kuongea lugha ya nchi iliyowafukuza! Mtaa wao ulikuwa ndani ya kuta za mji mkongwe, wakauita la Juderia, na sinagogi lao la Kahal Shalom lilijengwa 1577 na bado limesimama mpaka leo, sakafu yake imepangwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe kama mkeka.

Nono aliondoka huko 1934 akiwa na miaka 22. Hili nataka nilikazie maana watu wanapenda kudhani waliopona ni wale walioona mbali. Nono hakuona chochote. Hakukimbia mtu. Nyumbani walikuwa watoto wengi, duka la baba yake halikutosha kuwalisha wote, na binamu yake alishaandika barua kwamba huku Katanga kuna kazi ya duka. Basi. Angekuwa mtoto wa kwanza labda angeachiwa duka la nyumbani na mimi nisingekuwepo hapa kuandika. Alikuja huku kama vile vijana wetu wanavyokwenda Dubai, na begi moja.

Na hakuwa peke yake. Elisabethville, ndo Lubumbashi ya sasa, ilianzishwa 1910 reli ilipofika kutoka kusini, na watu wa Rhodes walianza kupanda mapema sana kupitia Rhodesia (ndo Zimbabwe na Zambia za sasa), mmoja anamuita mdogo wake, mdogo anamuita shemeji, hivyo hivyo mpaka ikawa Wayahudi wengi wa Katanga ni watu wa kisiwa kimoja. Sinagogi la Elisabethville lilikuwa limeshasimama kufikia 1930. Mwaka 1937 akaja Rabi Moïse Levy, naye mtoto wa Rhodes, akakaa zaidi ya miaka 50. Na wengi mnamjua Moïse Katumbi, yule mwanasiasa wa Congo, basi baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Rhodes aliyekuwa akifanya biashara ya samaki kule Luapula. Kwa hiyo habari hii haiko mbali na sisi kama inavyodhaniwa. Ukikaa na wazee wa Katanga ukauliza taratibu, utashangaa familia ngapi zina Nono wao.

Duka la Nono lilikuwa pale mji wa wazungu unapoishia na mji wa weusi unapoanza, maana enzi zile mtu mweusi usiku hakutakiwa kuonekana mjini. Aliuza vikwembe, chumvi, viberiti, taa za chemli, vipuri vya baiskeli. Nkambo aliuza mikate ya mafuta mbele ya duka. Hapo ndo yalipoanzia, na mama yangu akazaliwa 1943.

Sasa rudi Rhodes kidogo. Waitaliano walikuwa wameichukua tangu 1912, na kwa miaka mingi maisha hayakuwa mabaya, Wayahudi waliongea Kiitaliano na watoto walisoma shule za Kiitaliano. Mwaka 1938 Mussolini akaleta sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Watoto wakafukuzwa shule. Sami Modiano, mmoja wa mashahidi wanaojulikana sana wa Rhodes, aliyezaliwa 1930, ameeleza mara nyingi jinsi mwalimu alivyomwambia kwamba hawezi tena kuendelea na masomo, yeye yuko darasa la tatu, akadhani kuna kosa amefanya. Waliopata uraia wa Italia baada ya 1919 wakanyang'anywa. Wengi waliokuwa na uwezo au ndugu nje wakaondoka, Congo, Rhodesia, Marekani, Argentina. Jamii iliyowahi kuwa na watu zaidi ya 4,000 ikabaki kama 1,700. Waliobaki wengi walikuwa wazee, akina mama, watoto, na mabinti waliobaki kuwatunza.

Juni 1940 Italia ikaingia vitani na barua za kawaida zikakatika. Kilichobaki ni fomu za Msalaba Mwekundu, zile za kuruhusiwa maneno 25 tu ya habari za kifamilia, zinazunguka miezi na miezi zikipitia kwa wakaguzi. Nono alipata moja kutoka kwa mama yake. Mama yangu ameiona, anasema karatasi ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka kwenye mikunjo imekuwa laini kama kitambaa. Wote wazima, dada kaolewa, kula vizuri, usitembee juani bila kofia, maneno ya namna hiyo. Nono aliyahesabu. Yalikuwa 19. Na maisha yake yote, jamani, mpaka anazeeka, alikuwa ghafla tu akiwa anapima chumvi au anafunga duka anauliza yale sita mengine kwa nini hakuyatumia. Alikuwa na nafasi ya maneno sita! Nkambo anamwambia labda hakujua kuhesabu, labda karani alimharakisha. Hapana, anataka kujua yale sita.

Hakupata fomu nyingine. Mwisho wa vita, 1945, barua ikaja kutoka Italia kwa binamu yake, imeandikwa na msichana wa mtaa wao aliyepona. Nkambo anasema alikuwa amekaa na karai lake la mikate, binamu akatoka ndani akakaa chini kwenye baraza, mzungu amekaa chini vumbini, ndo akajua kuna msiba. Akaingia ndani. Nono amesimama nyuma ya kaunta ameshika futi ya kupimia kitambaa.

"Bote?" Nkambo akauliza.

"Bote."

Alifunga duka siku saba akakaa sakafuni. Nkambo alimletea maji.

Kilichotokea tulikuja kujua baadaye, na namna tulivyojua ndo jambo lenyewe linalonifanya niandike.

Mwaka 1947 Nono alioa. Alioa msichana wa Rhodes aliyetoka Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi kule Poland. Wanaume wengi wa Rhodes waliokuwa Congo walifanya hivyo, waliita wasichana waliopona ambao walikuwa wamebaki Italia bila nyumba bila wazazi, wengine walikuwa wanajuana tangu utotoni, wengine walijuana kwa jina la ukoo tu. Hata Sami Modiano baada ya vita alihamia Congo ya Wabelgiji. Kwa jamii yao ilikuwa ni kuokota kilichobaki, na mimi siwezi kuwalaumu. Lakini kwa Nkambo ilikuwa ni mwanaume aliyezaa naye kuleta mke mwingine, mzungu, ambaye ndiye atakayeandikwa kwenye vitabu. Nkambo akahamisha karai lake la mikate upande wa pili wa barabara na kwa mwaka mzima hakuvuka. Sitaki kuipaka hiyo sehemu sukari. Nono aliumiza watu, na aliwaumiza akiwa ni mtu anayejua vizuri sana maana ya kuwekwa pembeni kwa sababu ya damu.

Huyo mke tulimuita Tantine. Alikuwa na miaka 22, mkononi ana herufi A na tarakimu tano. Alifika kwa treni kutoka Lobito, siku nyingi njiani, na anasema alisimama mlangoni karibu njia nzima kwa sababu hakutaka mlango ufungwe. Na alipofika akatazama nje akaona lile bomba la moshi. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa, lile bomba la kiwanda cha shaba ndo alama ya mji wetu, sisi tunalichora kwenye madaftari tukiwa wadogo, enzi zile lilitoa moshi mchana na usiku. Tantine hakusema kitu. Ila dirisha la chumbani la upande ule hakulifungua miaka 27 aliyokaa hapo.

Aliyevuka barabara alikuwa yeye. Alimuona mama yangu, miaka minne, anacheza karibu na karai, akavuka, akachuchumaa, akamshika kidevu akakigeuza kwenye mwanga. Nkambo akasimama tayari kwa ugomvi. Tantine Kiswahili hajui bado, akasema neno moja moja, "Dada. Dada yangu." Mama yangu alikuwa na sura ya mdogo wake Tantine. Isingekuwa ajabu, la Juderia ulikuwa mtaa mdogo, watu walioana wao kwa wao vizazi na vizazi, Tantine na Nono walikuwa binamu wa mbali.

Akaomba mtoto aje kwake Jumamosi. Nkambo akasema mtoto haji peke yake. Basi ikawa wanakuja wawili, duka limefungwa kwa ajili ya Sabato, wanawake wawili wanakaa jikoni nyuma ya duka na sufuria ya mayai ya kahawia katikati yao. Jumamosi ya kwanza hawakuongea hata kidogo. Waliendelea hivyo miaka na miaka.

Tantine alijifunza Kiswahili pale, Kiswahili chetu cha Katanga. Na ni kwa Kiswahili hicho ndo alisimulia. Hili mama yangu alinirudia mara nyingi kwa sababu lilimshangaza mpaka uzeeni. Kwa Kiladino Tantine hakuwahi kusema neno kuhusu Auschwitz, hata kwa Nono, hasa kwa Nono, maana wafu wake walikuwa ni wafu wa Nono pia na kila jina lingemchoma. Kifaransa alikiongea na wateja na maafisa. Kiswahili kilikuwa kipya, maneno yake hayajabeba kitu, akisema mama kwa Kiswahili hasikii sauti ya mama yake. Anasema mama yake mwenyewe aliitwa kwa neno jingine, na hilo alilifungia.

Haya ndo aliyosimulia, nachanganya na niliyosoma baadaye ili yakae kwa mpangilio, maana yeye alisimulia vipande, leo mwisho, mwezi ujao mwanzo.

Septemba 1943 Italia ilijisalimisha na Wajerumani wakaitwaa Rhodes. Hata hapo karibu mwaka mzima ukapita, mabomu ya Waingereza yanaanguka bandarini na mtaani kwao, watu wanahamia vijijini, lakini hakuna aliyewagusa kwa sababu ni Wayahudi. Katikati ya Julai 1944 ikatoka amri wanaume wa Kiyahudi waripoti na vitambulisho kwenye jengo la jeshi la anga. Walidhani ni kazi ya kulazimishwa. Hawakurudi. Kesho yake wakaambiwa wanawake na watoto wawafuate, wabebe chakula na dhahabu na kila cha thamani, wasipokwenda wanaume watauawa. Na dhahabu ilichukuliwa yote mlangoni.

Pale kulikuwa na konseli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, kijana wa miaka 30. Alikwenda kwa Wajerumani akadai raia wake waachiwe, na wakiachiwa raia basi na wake zao na waume zao, kwa kuwa eti sheria ya Uturuki inasema mwenzi wa raia naye ni raia. Sheria hiyo haikuwepo, aliibuni papo hapo. Watu zaidi ya 40 wakatoka mle ndani kwa sababu yake. Tantine aliwaona wakitoka. Hakuwa na kinyongo nao hata kidogo, alisema tu kwamba mlango ulifunguka, ukafungwa.

Tarehe 23 Julai wakatembezwa mpaka bandarini. Ving'ora vya hatari vililia, ndege hakuna, vililia ili watu wa mji waingie mahandakini na asiwepo wa kutazama. Mama yake alikuwa amevaa koti la baridi, Julai, jua la kupasua kichwa, kwa sababu alikuwa ameshona kitu kwenye pindo. Wakashushwa kwenye matishari matatu ya kubebea mizigo, wakafungiwa humo na kiu. Wakapitia Kos kuwachukua Wayahudi wa huko. Hapo Nkambo aliinua mkono, akaenda kuchukua Biblia yake, akafungua Matendo sura ya 21 akamsomea. Kosi, kisha Rodo. Tantine akasema ndiyo, ni visiwa hivyo hivyo, sisi tulikwenda kinyume.

Mwisho wa Julai wakafika Piraeus, wakatiwa kwenye kambi ya Haidari karibu na Athens, tarehe 3 Agosti wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, na tarehe 16 Agosti treni ikafika Auschwitz. Zaidi ya wiki tatu tangu waondoke nyumbani, wengine wameshafia njiani. Hebu fikiria, usiku ule ule wa kuamkia 23 Julai jeshi la Wasovieti lilikuwa linaingia kambi ya Majdanek kule Poland. Wamarekani, Waingereza na washirika wao wako Normandy, Ufaransa, tayari wiki ya saba. Na bado zikapatikana meli, mafuta, treni na askari wa kuwatoa bibi vizee kutoka kisiwa kilicho mbali kiasi kile. Mimi nikifika hapo huwa nasimama, siwezi kuendelea kusoma.

Pale Auschwitz hawakuelewa lugha yoyote. Amri ni za Kijerumani, wafungwa wenzao Wayahudi wa Ulaya Mashariki wanaongea Kiyidi, na baadhi yao hawakuamini kwamba hawa weusi weusi wa jua wanaoongea Kihispania ni Wayahudi kweli. Wengi wa waliofika walipelekwa vyumba vya gesi siku ile ile. Waliotolewa Rhodes walikuwa 1,673. Waliorudi wakiwa hai ni 151. Tantine alihamishiwa kambi zilizokuwa chini ya Dachau, kule Ujerumani, na mwisho wa Aprili 1945 Wamarekani wakamkuta hai.

Na alivyosimulia yote hayo, koti, kiu, mama kupelekwa kushoto kwenye mstari wa wanaokwenda kuuawa, mama yangu anasema hakulia. Sauti kavu, kama mtu anayesoma bei za vitu. Siku aliyolia ilikuwa ni kwa sababu ya swali la Nkambo. Alikuwa anaeleza ile asubuhi ya kutoka nyumbani, kwamba alikuwa ameloweka maharagwe tangu usiku kwenye bakuli la udongo la buluu, na walipotoka akaliacha mezani, limefunikwa na kitambaa ili nzi wasiingie. Akaendelea na habari za njiani. Nkambo hakumfuata. Alibaki kule jikoni Rhodes.

"Na ile maharagwe," akauliza, "nani alikula?"

Tantine akamtazama. Akasema hajui. Akasema zitakuwa zilivimba, zikaota. Nkambo akauliza zilikuwa kiasi gani. Vikombe viwili, Tantine akasema, tulikuwa watu kumi na moja. Hapo ndo akainamisha kichwa juu ya meza akalia mpaka jioni na Nkambo hakumwambia nyamaza, hatuna mila ya kumwambia mfiwa nyamaza. Alikaa tu. Mayai yakapoa.

Jumamosi iliyofuata Nkambo akamsimulia ya kwake. Tarehe 9 Desemba 1941, hapo hapo Elisabethville, wafanyakazi wa shaba waligoma kudai mshahara, wakakusanyika uwanja wa mpira, na askari wa serikali ya kikoloni wakawafyatulia risasi. Léonard Mpoyi aliyekuwa anawasemea aliuawa. Kaka yake Nkambo alikuwa uwanjani, alirudi na kiatu kimoja, na rafiki yake wa kitanda cha jirani hakurudi kabisa. Nono wakati ule alifunga madirisha ya duka, hakutoka. Tantine hakuwa ameambiwa na mtu yeyote katika ule mji. Mimi sisemi mambo haya mawili ni sawa, si sawa, na wao wenyewe hawakuyapima. Nasema tu kila mmoja alimpata mtu wa kumsikiliza, na hakuwa wa kabila lake.

Jambo moja la Nono nitalisema kwa heshima yake. Enzi zile serikali ya Wabelgiji iliwachukua watoto wa mchanganyiko kutoka kwa mama zao ikawapeleka kwenye misheni, maelfu, mpaka 2019 ndo Waziri Mkuu wa Ubelgiji Charles Michel akaomba radhi. Afisa alipokuja na daftari kumuulizia mama yangu, Nono, yule ambaye hakuwahi kumuandika popote kama mtoto wake, alisimama mlangoni akasema hapa hakuna mtoto wa kuorodheshwa. Alikuwa anatetemeka, Nkambo anasema. Afisa akaondoka na hakurudi.

Mimi nilizaliwa 1965, kwa hiyo niliwajua wote watatu. Novemba 1973 Mobutu akatangaza Zaïrianisation, maduka ya wageni yakapewa wengine, duka la Nono likaenda na mwenye nalo mpya alikula mtaji ndani ya miezi michache. Mwaka 1974 Nono na Tantine wakaondoka kwenda Brussels. Uwanja wa ndege Tantine na Nkambo walishikana mikono, hivi, kwenye viwiko, muda mrefu, mpaka nikaona aibu nikatazama pembeni. Baada ya hapo ni barua, Tantine anaandika Kiswahili kwa herufi za Kifaransa, mama anamsomea Nkambo. Nono alifariki huko. Tantine alimfuata miaka kadhaa baadaye. Hawakupata mtoto, kambi iliondoka na hilo pia.

Nkambo alifariki 1998. Kwenye Biblia yake, Matendo sura ya 21, tulikuta karatasi ya daftari la mistari. Majina kumi. Mwandiko wa Nkambo, ule wa mtu aliyesoma darasa tatu za misheni, herufi kubwa kubwa, majina ya Kiladino ameyaandika alivyoyasikia. Tantine alimtajia na Nkambo akaandika, kwa sababu Tantine mwenyewe kila alipoanza mkono ulikataa. Karatasi hiyo ninayo Dar, nimeiweka kwenye plastiki.

Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, kule Jerusalem, wanakusanya Kurasa za Ushuhuda, fomu moja kwa kila aliyeuawa, unajaza jina, wazazi, mahali, kazi, alivyokufa. Binti yangu ndo aliyenionyesha, tukawa tunajaza onlaini usiku baada ya kazi. Tumejaza tisa. Ilichukua wiki, maana herufi za Nkambo inabidi uzisome kwa sauti mpaka jina litokee lenyewe. Kuna moja tulilisoma mara kama thelathini, binti yangu akalisema kwa haraka ndipo nikalisikia, nikaona kumbe ni jina nililomsikia Tantine analiita usingizini siku alipokuwa analala mchana na mimi niko chini ya meza nacheza.

La kumi ndo hili lililobaki mezani. Nkambo ameandika hivi tu: mutoto wa dada, miezi ine. Jina hakuna. Sijui kama Tantine alilisahau au alilikataa mdomoni au Nkambo alimuonea huruma asimuulize. Fomu inataka jina la kwanza, na chini kabisa inauliza mimi ni nani kwa marehemu. Hiyo ya chini ilinisumbua hata kwenye zile tisa, mama yangu hakuhesabiwa upande wowote, sasa mimi ni nani kwa watu wa Rhodes? Binti yangu akasema mama andika ukweli.

Niliandika kote tisa: mjukuu wa aliyeandika majina. Kwenye ya kumi nimeshaandika hivyo pia, na mahali, Rhodes, na miezi minne. Pale juu bado ni peupe.